Fedha mkononi, kazi, bei ya karafuu au kupumzishwa deni: tudai ipi hali ikiharibika tena?

Machi 2020, ndege za watalii zilipokatika kwa ajili ya korona, mtoto wa dada yangu alirudi Wete, hapa Pemba, kwa boti akiwa na godoro, feni na mfuko wa nguo. Alikuwa mhudumu wa hoteli Nungwi, kisiwani Unguja. Haikupita wiki mbili wakarudi na wengine, na nyumba yetu ya watu sita ikawa ya watu tisa. Mwani ulikuwa na bei ya kuvunja moyo, karafuu hazikuwa msimu wake, na fedha pekee iliyoingia kwa tarehe yake ilikuwa pensheni ya mama mkubwa, aliyekwishapita miaka 70. Tulikula kwa fedha ile, na tukakopea kwa fedha ileile, maana mwenye duka alikuwa akiijua siku ya malipo.

Nayaeleza haya kwa sababu shehia yetu imeanza kujadili, kabla balaa nyengine haijafika, msaada wa namna gani tuupeleke mbele kwa mwakilishi na diwani kuwa ndio chaguo letu la kwanza. Barazani kila mmoja ana lake. Wenye mikarafuu wanataka bei. Vijana wanataka kazi. Kina mama wa mwani wanataka mtaji, na wenye madeni, ambao ni wengi kuliko wanaokiri hadharani, wanataka kupumzishwa. Kila mmoja anasema lake ndilo litakalotuokoa sote.

Nimekaa na historia mbili za miaka ya 1930. Moja ni ya Marekani chini ya Rais Franklin Roosevelt, ambako karibu kila aina ya msaada ilijaribiwa kwa wakati mmoja. Ya pili ni ya visiwa hivi hivi vya Zanzibar, ambako serikali ya kikoloni ilijaribu mambo mawili matatu na mengine yakaiungulia mkononi. Nimeziweka ubavu kwa ubavu na tulivyonavyo leo. Kipimo changu ni hiki: shilingi ikitoka serikalini, inatua katika mkono wa nani, na inatua lini?

Balaa lenyewe

Marekani mporomoko wa uchumi ulianza kwenye soko la hisa la New York, Oktoba 1929. Kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi, na maelfu ya benki yalikuwa yamefungwa pamoja na akiba za watu. Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933 na siku chache baadaye alikuwa amefunga benki zote kwa muda ili zikaguliwe kabla ya kufunguliwa tena.

Huku kwetu hakukuwa na soko la hisa. Kulikuwa na karafuu, na visiwa hivi ndivyo vilivyokuwa vikilisha sehemu kubwa kabisa ya soko la dunia. Bei ilipoanguka, kila kilichofungwa kwenye karafuu kilianguka nayo: ushuru wa serikali, ujira wa wachumaji, deni la mwenye shamba, biashara ya mwenye duka aliyemkopesha. Kwa hiyo tusidhani yale ya Marekani ni makubwa mno kutufaa. Nchi inayotegemea zao moja au mgeni mmoja huumia kwa njia ileile, tena kwa haraka zaidi.

Fedha mkononi

Hii ndiyo ya haraka kuliko zote. Mei 1933 Marekani ilianzisha shirika la misaada ya dharura lililopewa dola milioni 500 za kugawa kupitia majimbo. Aliyekabidhiwa ni Harry Hopkins, mtu aliyetokea kwenye kazi za ustawi wa jamii, na katika saa mbili za mwanzo ofisini alikwishatoa zaidi ya dola milioni 5. Alijua kuwa mwenye njaa hawezi kusubiri kikao. Lakini huyo huyo Hopkins hakuipenda njia hii. Ili mtu apewe, afisa alikwenda nyumbani kwake, akafungua kabati, akauliza habari za jamaa zake wenye uwezo. Watu waliokuwa na heshima zao mtaani walijisikia wamevuliwa nguo.

Sisi tunayo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kaya huchaguliwa kupitia shehia, malipo huja kwa awamu, na sehemu ya fedha inafungamana na watoto kwenda skuli na wadogo kupelekwa kliniki. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mara nyingi anayepokea ni mama wa nyumba, na fedha ikishika mkono wa mama, kwa ninavyoona mimi katika shehia yetu, inageuka mchele na daftari siku hiyohiyo. Uzuri wa pili ni kwamba mfumo upo tayari. Majina yapo, vitambulisho vipo, njia ya kulipa ipo. Serikali ikitaka kuongeza kiwango kwa miezi sita ya shida, haianzi na karatasi tupu.

Udhaifu wake niliuona 2020. Orodha ya kaya maskini iliandikwa wakati mhudumu wa hoteli alikuwa na mshahara. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatumia wazee fedha, kwa hiyo hata nyumba ya wazee wake haikuonekana maskini. Aliposhuka botini na godoro lake, orodha haikumjua. Ilimjua maskini wa zamani, na maskini wa jana hakuwamo. Fedha mkononi bila njia ya kufungua orodha upya wakati wa balaa ni dawa iliyofungiwa ndani ya kabati, ufunguo uko mjini.

Kazi ya mshahara

Hapa Marekani ilifanya mambo ambayo mpaka leo yanaonekana kwa macho. Kwanza kilikuja kikosi cha vijana cha kuhifadhi misitu na ardhi, 1933 hadi 1942. Kijana asiyeoa, wa miaka 18 hadi 25, alipelekwa kambini chini ya maafisa wa jeshi, akapanda miti, akajenga mabwawa madogo, akazuia mmomonyoko. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo dola 25 zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwao. Nilipousoma utaratibu huu niliuona ndio wenye busara kuliko yote. Kijana alishughulishwa, na mama yake alilishwa, kwa fedha moja. Takriban vijana milioni tatu walipita humo, na miti waliyoipanda ilizidi bilioni mbili.

Majira ya baridi ya 1933 kuingia 1934 ukaja mpango wa kazi za dharura ambao ndani ya miezi miwili hivi uliajiri watu milioni nne, kisha ukafungwa Machi. Na 1935 ukaja mpango mkubwa zaidi wa kazi za umma uliodumu hadi 1943 na kuajiri jumla ya watu milioni 8.5. Walijenga barabara, skuli, madaraja, viwanja vya ndege. Wasanii na waandishi nao walipewa kazi, jambo lililolalamikiwa sana wakati ule.

Sisi tunazo kazi za muda za TASAF, siku 60 kwa mwaka kwa kaya zilizomo kwenye orodha, na tunayo JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, ambayo kwa umbo la kambi na vijana inakaribiana na kile kikosi cha misitu, ingawa haikuundwa kuwa msaada wa wakati wa shida. Hapa Pemba kazi zinazongoja mikono hazihitaji kutafutwa: kuta za kuzuia maji ya chumvi yasiingie mabondeni kwenye mpunga, mikoko ya kurudishia, mitaro ya njia za ndani ambazo masika huzigeuza mito.

Ila kazi ina mambo yake matatu manne ya kuyatazama kabla hatujaisifu. Inahitaji vifaa, wasimamizi na michoro iliyokwisha tayari. Marekani waliweza kuajiri watu milioni nne kwa haraka kwa sababu walikubali kazi ndogondogo za kutengeneza vilivyokuwapo, hawakungoja mradi mkubwa. Halafu kazi inamwacha mzee, mgonjwa na mama mwenye kichanga. Kile kikosi cha misitu kilikuwa cha wanaume watupu, na mpango wa 1935 kwa kawaida ulichukua mtu mmoja tu katika kila nyumba, naye mara nyingi akawa baba.

La tatu ndilo linalotugusa zaidi, kwa hivyo nitalikalia kidogo. Katika majimbo ya kusini ya Marekani wenye mashamba ya pamba walipiga kelele kuwa mshahara wa serikali unawanyang'anya wachumaji. Wakasikilizwa. Msimu wa kuvuna ulipofika, watu waliondolewa kwenye kazi za serikali ili warudi kuchuma pamba kwa ujira ambao mwenye shamba aliutaka. Nasi tutakumbana na hilo hilo. Mwaka wa karafuu nyingi, mchumaji ni mfalme kwa wiki chache, na kazi ya serikali ikiendelea wakati huo mwenye mikarafuu atalazimika kuongeza ujira ili ampate. Mimi naona hilo ni jambo la haki, maana kupanda mkarafuu ni hatari ya roho na kila mwaka tunazika watu walioanguka. Lakini wenye mikarafuu katika kamati yetu ya shehia hawalioni hivyo, na ni vyema tukubaliane mapema kuliko kugombana Septemba majamvi yakiwa yameshatandikwa.

Kulinda bei ya zao

Hili ndilo lenye sauti kubwa barazani kwetu. Wazee wanasema: tupe bei nzuri ya karafuu, hutatusikia tukiomba kitu chengine. Nawaelewa. Lakini historia ya kulinda bei, huko na huku, imejaa watu waliosahauliwa.

Marekani, Mei 1933, sheria ya kilimo iliamua kuwalipa wakulima wapunguze mazao ili bei ipande. Mwaka huo pamba iliyokuwa imeshaota kwenye takriban eka milioni 10 ikalimwa na kufukiwa ardhini, na nguruwe wapatao milioni 6 wakachinjwa kabla ya wakati, huku mijini watu wamepanga foleni za supu. Bei ilipanda kweli. Mwenye ardhi akapata afueni kweli. Lakini malipo yalipitia mkononi mwake, na waliokuwa wakilima kwa kugawana mazao, wengi wao Wamarekani weusi na Wazungu maskini, aidha hawakugawiwa au walifukuzwa kabisa, kwa sababu shamba lililopunguzwa halihitaji watu. Kule Arkansas mwaka 1934 wakaunda chama chao cha kudai haki, weusi na weupe pamoja. Januari 1936 Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria yenyewe.

Zanzibar, Chama cha Wakulima wa Karafuu kilikuwapo tangu 1927, kikiwakopesha wenye mashamba fedha za uchumaji na kuwanunulia. Mwaka 1934 kikapewa nguvu za kisheria juu ya biashara, na 1937 sheria nyengine ikakipa haki ya peke yake ya kununua kutoka kwa mkulima. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri: mnunuzi mmoja mwenye ghala, asiyemwonea mkulima mwenye dhiki. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi, ambao familia zao zilikuwa zimeishi na biashara hiyo kwa vizazi, waliona wamefungiwa mlango, na chama cha Congress huko India kikatangaza kususia karafuu za Zanzibar. India ilikuwa mmoja wa wateja wetu wakubwa. Karafuu zikalala ghalani. Mwaka 1938 serikali ikalazimika kukaa chini na kupatana, chama kikabaki lakini wafanyabiashara wakarudishwa kwenye usafirishaji. Hapo somo si gumu kuliona: bei ya karafuu haipangwi Wete. Aliyeko upande wa pili wa bahari ana neno lake, na mara hii lilikuwa neno zito.

Na kabla ya hapo, Februari 1936, damu ilikwishamwagika mjini kwa sababu ya ukaguzi mpya wa mbata, yaani nazi zilizokaushwa. Serikali ilitaka mbata safi ili ipate bei nzuri nje, jambo la maana kabisa. Ikalileta wakati muuzaji mdogo ameshabanwa na bei ya chini, na mzigo wake ukirudishwa hana cha kula usiku ule. Ghasia zikazuka na watu wakafa. Mageuzi mazuri yaliyoletwa bila kumtazama wa chini kabisa yakageuka msiba.

Leo mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei ya ununuzi kwa kiwango kikubwa, na sote tuliokuwa hapa tunakumbuka namna magendo ya kwenda pwani ya Kenya yalivyopungua na nyumba za matofali zilivyoanza kuinuka vijijini. Sikatai hata kidogo kuwa bei nzuri hujenga. Pemba, tofauti na Unguja ya zamani yenye mashamba makubwa, mikarafuu imekuwa mikononi mwa watu wengi wadogo wadogo, na baada ya Mapinduzi zikaja zile eka tatu tatu walizogawiwa wananchi. Kwa hiyo bei ikipanda, hapa kwetu huwafikia wengi kuliko ilivyowafikia huko Arkansas.

Lakini hebu tuhesabu nani hayumo. Mchumaji asiye na mti hayumo. Aliyeuza karafuu zingali juu ya mti, kwa sababu ya ada ya skuli au maradhi, hayumo, maana bei mpya inakwenda kwa aliyenunua. Mama wa mwani hayumo. Mhudumu wa hoteli hayumo. Na mkarafuu si pamba: huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, haulimwi ukafukiwa mwaka huu ukapandwa mwakani. Bei ikipanda leo mwenye miti hana cha kuongeza, na ikianguka hana cha kupunguza. Isitoshe, una mwaka mkubwa na mwaka mdogo. Balaa likija mwaka ambao miti imepumzika, bei nzuri inalinda kapu tupu.

Kama tutaidai njia hii, basi tuidai kwa umbo ambalo Marekani walilitumia kuanzia Oktoba 1933 na ambalo halitajwi sana. Serikali ilimkopesha mkulima wa pamba senti 10 kwa kila ratili aliyoiweka ghalani. Bei ikipanda, mkulima huuza, hulipa mkopo, hubakiwa na faida. Bei ikianguka, huacha pamba kwa serikali na hadaiwi zaidi. Karafuu iliyokauka vizuri inakaa miaka. Ni zao lililoumbwa kwa utaratibu huo, na ndugu zetu wa bara wameshazoea stakabadhi za ghalani kwenye korosho, ingawa zao hazina ahadi hiyo ya kutodaiwa zaidi. Kwa utaratibu huu hata aliyebanwa na ada hana haja ya kuuza karafuu zingali mtini. Hapo bei inaanza kumfikia yule mnyonge niliyemtaja.

Kusimamisha madeni

Miaka ya 1930 mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa deni, na namna ya kufunga ilikuwa ya ujanja. Kwa kuwa riba ni haramu, iliandikwa bei ya khiyari: mwenye shamba anamuuzia mkopeshaji kwa maandishi, kwa sharti kwamba akirudisha fedha kwa muda waliokubaliana shamba linarudi kwake. Wakati huohuo analikodi shamba lake mwenyewe, na ile kodi ndiyo faida ya mkopeshaji. Bei ya karafuu ilipoanguka, kodi haikuanguka.

Mwaka 1934 serikali ikasimamisha madai yote ya mashamba kwa muda, na ikapiga marufuku ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuhamia kwa mtu wa asili nyengine bila idhini. Mashamba yaliokolewa kunadiwa. Lakini mkopeshaji asiyeweza kudai hakopeshi tena, na mwenye shamba bila mkopo wa uchumaji aliziangalia karafuu zikichanua na kupita mtini. Na kuigawa sheria kwa asili za watu kuliacha uchungu uliodumu kuliko deni lenyewe. Skwota, aliyekuwa akilima muhogo chini ya mikarafuu ya mwengine, hakuguswa kabisa na afueni ile. Hakuwa na deni la kusimamishwa wala shamba la kuokolewa.

Marekani walikwenda njia nyengine kwa wenye nyumba. Shirika lililoundwa 1933 lililinunua deni kutoka kwa mkopeshaji, likamlipa kwa hati za dhamana, halafu likampa mwenye nyumba masharti mapya: miaka 15, riba ya asilimia 5. Takriban nyumba milioni moja ziliokolewa hivyo. Tofauti ni kubwa. Zanzibar ilimfunga mdomo mdai. Marekani ilimlipa mdai na kumpa mdaiwa pumzi. Ya pili ina gharama, lakini haiui soko la mkopo. Kwa wakati wetu, deni linaloumiza ni la mikopo ya vikundi na ya simu, pamoja na mikataba ya kukodisha mikarafuu. Kusimamisha hayo kwa amri ni kuvivunja vikundi vya hisa vya kina mama wenyewe, maana mkopeshaji humo ni jirani. Kwa hiyo hili silipigii kura, isipokuwa serikali iwe tayari kulipa.

Mtaji wa mikopo nafuu, kama huu wa ZEEA, wakala wa serikali wa kuwawezesha wananchi kiuchumi, naupita haraka. Ni mzuri kwa kuinuka. Si wa siku ya kuanguka. Ukimkopesha mtu mtaji wa kuuza samaki wa kukaanga Forodhani, pale wanapokula watalii mjini Unguja, wakati Forodhani hakuna mtu, umempa deni.

Pensheni

Agosti 14, 1935 Roosevelt alitia saini sheria ya hifadhi ya jamii, iliyosimamiwa kwa nguvu kubwa na Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri Marekani. Ilikuwa ya kuchangia: makato yalianza 1937, na malipo ya kila mwezi ya kwanza yakatoka Januari 1940. Aliyepokea hundi ya kwanza, Ida May Fuller, alipata dola 22.54, akaishi hadi miaka 100. Kwa balaa la 1933 msaada huo ulichelewa kabisa. Tena wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje, yaani wale waliohitaji zaidi, na kwa mkato huo Wamarekani weusi wengi wakakosa. Lakini programu nyingi za dharura zilikufa kabla ya Vita Vikuu vya Pili kuisha. Hii ipo mpaka leo, kwa sababu iliandikwa kuwa haki ya mtu.

Zanzibar ilichagua tofauti, na naliona ni moja ya mambo bora tuliyowahi kuyafanya. Aprili 2016 ilianza Pensheni Jamii: kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa na kazi ya serikali au alikuwa mvuvi, bila kuchangia, bila kuulizwa ana mali gani. Ilianzia shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Kwa kuwa haichagui maskini, hakuna fitina ya nani kaandikwa na nani kaachwa. Mama mkubwa hakujificha kwenda kuichukua. Alivaa baibui lake jipya.

Kasoro yake inajulikana. Nyumba isiyo na mzee haipati kitu, na miaka 70 ni mingi kwa mtu aliyekuwa akikwea mikarafuu tangu ana kumi na tano. Kiwango nacho ni kidogo ukikipima na bei ya mchele. Lakini kwa swali langu la mwanzo, inatua lini na kwa nani, hakuna inayoishinda: inatua kabla ya balaa, wakati wa balaa na baada yake. Hapo pana jambo kubwa. Mwaka 1937 Roosevelt alidhani hali imeshatengemaa akapunguza matumizi ya serikali, na ndani ya mwaka mmoja ukosefu wa kazi ukapanda tena kwa kasi. Msaada wa dharura huja na swali la lini uondolewe, na mara nyingi huondolewa mapema. Pensheni haina swali hilo.

Kwa hiyo tuchague ipi

Ikiwa nyumba yako inasimama kwa mikarafuu yako mwenyewe, na huuzi mtini, ulinzi wa bei kwa mkopo wa ghala utakufaa kuliko vyote. Ikiwa unaishi kwa kuchuma, kwa mwani au kwa hoteli, usikubali kuambiwa bei ya karafuu itakufikia. Dai kazi ya mshahara, na kwa mama mwenye wadogo dai fedha mkononi. Mwenye deni la shamba adai serikali ilinunue deni, asidai mdai anyamazishwe.

Kwa shehia nzima, chaguo langu ni pensheni kwanza: umri ushuke hadi 65 na kiwango kifungwe na bei ya mchele ili kisiliwe na wakati. La pili liwe kazi za umma, kwa mpango wa Marekani wa kutuma sehemu kubwa ya mshahara wa kijana nyumbani kwao, na orodha ya kazi iandikwe sasa, bonde kwa bonde, mtaro kwa mtaro. Kamati imeshaanza kupita kuziandika.

La tatu ni dogo, halihitaji fedha nyingi, na ndilo ninalolipigania zaidi kwa sababu ya yule kijana. Rejista ya kaya ifunguliwe ndani ya siku 30 tangu serikali itangaze hali ya shida, na sheha awe na mamlaka ya kuandika jina jipya bila kungoja mzunguko mwengine wa utambuzi. Mwakilishi ametuambia tumpelekee maandishi. Wenye mikarafuu katika kamati wamekubali namba moja na namba tatu. Namba mbili bado, kwa ajili ya ujira wa mchumaji, na kikao ni Ijumaa baada ya sala.